Baba Alipokuwa Keya: Nishani, Karatasi na Daftari la Kamati

Kasha la mzee aliyekuwa askari wa Keya (KAR, King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) lina mambo mawili: vitu vya vita, na vitu vya kazi aliyowafanyia watu bila malipo aliporudi. Watoto hukimbilia vya vita. Daftari la kamati huishia kuwashia jiko, na hapo nusu ya mzee imeungua.

Tuanze na nishani. Tafadhali usizisugue. Dawa ya kung'arishia shaba hula madini kidogo kila inapopakwa, na pole pole sura na maandishi hufutika. Pangusa vumbi kwa kitambaa laini kikavu, utosheke. Utepe usiufue, rangi zitachuja. Usizihifadhi kwenye mfuko wa plastiki laini wenye harufu kali, kwa sababu plastiki hiyo hutoa asidi, na shaba huota kutu ya kijani. Bahasha ya karatasi safi ndani ya kopo kavu ni bora zaidi.

Kisha zisome. Nyota za Vita vya Pili vya Dunia zina pembe sita na zote zinafanana, kwa hiyo angalia maneno ya katikati na utepe. Nyota ya Afrika ina utepe wa rangi ya mchanga, mstari mwekundu katikati, na mstari mwembamba wa buluu nzito upande mmoja na wa buluu nyepesi upande wa pili. Inahusu mapigano ya Afrika kati ya 10 Juni 1940 na 12 Mei 1943, na kwa askari wa Keya aghalabu maana yake ni Abisinia (Ethiopia) au Somalia. Utepe wa Nyota ya Burma ni wa buluu nzito, nyekundu pana katikati, na mstari wa rangi ya machungwa katikati ya kila upande wa buluu. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilisonga kwenye bonde la Kabaw, Burma, mwaka 1944 wakati wa masika ya huko, ikavuka mto Chindwin mwezi wa Desemba. Mzee aliyekuwa akitaja matope na mto mpana kila Bama (yaani Burma) inapotajwa hakuwa anatia chumvi. Ile ya duara yenye simba aliyemkanyaga joka haikwambii alikwenda wapi. Ilitosha kuhudumu siku 28.

Sasa tatizo. Nishani hizo za vita vya pili zilitolewa na Uingereza bila jina la askari. Ndugu wawili wakiwa wameenda vitani, nishani zikawekwa kopo moja, hakuna atakayezitenganisha baadaye. Funga kila seti kwa uzi wenye kadi ya jina leo, wakati yupo shangazi anayejua ni ya nani.

Ile ya fedha yenye utepe wa manjano, kingo nyeusi na mistari miwili ya kijani, pamoja na kibati kilichoandikwa Kenya, ni ya miaka ya Hali ya Hatari, Mau Mau walipopigana na serikali ya kikoloni. Hiyo ina namba, cheo na jina kwenye ukingo. Igeuze pole pole kwenye mwanga wa dirisha. Familia nyingi huificha. Naomba msiifiche. Waruhiu Itote alipigana Burma chini ya Keya kisha akaingia msituni akaitwa Jenerali China. Wengine walibaki na sare. Watoto wanastahili kujua mzee wao alisimama upande gani.

Karatasi ya kuachishwa jeshi usiifunge kwa plastiki ya moto pale kwa mpiga chapa. Gundi ile haitoki tena, na karatasi ikianza kuoza imefungiwa humo humo. Toa pini zenye kutu, ikunjue, ipige picha mchana bila mwako wa simu, mbele na nyuma. Ukiwatumia ndugu kwa WhatsApp, itume kama faili, si kama picha, la sivyo herufi ndogo zitapotea. Jina nalo litazame kwa subira: karani aliandika alivyosikia, Mutisya akawa Mutisia, Njoroge akawa Joroge. Andika namna zote kabla ya kutafuta popote.

Usipoteze siku kwenye makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, Nairobi, ukitafuta mzee aliyerudi nyumbani akafia shambani. Pale wamelazwa waliokufa wakati wa vita na miaka michache baada yake.

Kazi ya kujitolea haina nishani, ndiyo maana inahitaji bidii zaidi. Ushahidi wake umetawanyika: kumbukumbu za mikutano ya kamati ya shule, stakabadhi za harambee, daftari la chama cha mazishi, barua kwa chifu kuhusu mfereji. Nyumba ya Kumbukumbu za Taifa, Moi Avenue, ina ripoti za mwaka za wakuu wa wilaya, na humo shule na masoko hutajwa kwa majina. Nenda na penseli na mwaka unaoutafuta.

Wazee wenzake waulize mambo yanayoshikika. Swali la "alikuwa mtu wa namna gani" hujibiwa "alikuwa mtu mzuri", basi. Uliza nani alishika funguo za ghala la simenti, nani alilala akilinda mabati, mzee alikaa kiti gani mkutanoni. Rekodi dakika 40, umpumzishe.

Ukichapisha kijitabu huko River Road, kurasa ziwe 8, 12 au 16, maana hukunjwa nne nne na kupigwa pini katikati. Ukipeleka 13 utalipia tatu tupu. Picha ndogo za zamani ziskaniwe kwa dpi 600 (nukta 600 kwa inchi). Na kazi ya mtaa ipewe kurasa sawa na vita, si ile mistari miwili iliyozoeleka chini ya orodha ya wajukuu.

Nakala moja mpelekee mwalimu mkuu wa shule aliyoijenga, na umwombe aiandike kwenye daftari la maktaba ukiwa hapo.