Kikuku kisichosomeka mizanini

Mimi ni sonara. Karakana yangu ni chumba kimoja cha Mji Mkongwe, Unguja. Mezani pana nyundo ndogo tatu, fuawe niliyoachiwa na marehemu baba, koleo, na mizani inayosoma hadi gramu 0.01. Kazi yangu kubwa ni pete, hereni na vikuku. Nimeanza na hayo kwa sababu mwaka jana, kwenye chumba cha daktari wa masikio, niliambiwa kwamba nyundo, fuawe na kikuku vyote vimo ndani ya sikio la mama yangu, na kilichoharibika ni kikuku.

Bi mkubwa alianza kupungukiwa usikivu bila sisi kujua. Watu wengi wanaamini asiyesikia hupaza sauti. Yeye sauti yake ilishuka, akawa anazungumza kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Tukadhani ana huzuni. Lakini akija karakanani, mimi nagonga, mwenzangu anasugua fedha kwa mashine, mazungumzo yanakwenda bila shida. Nyumbani, tukiwa wawili sebuleni na kimya kimetanda, namwita mara tatu. Siku moja nilimwambia, "Mama, wewe unasikia unachotaka." Neno hilo linaniuma mpaka leo, maana lilikuwa uongo na nililisema kwa hasira.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, akamwamkia bi mkubwa shikamoo kabla hajagusa kitu. Akachukua chuma chenye ncha mbili kama uma, akakigonga kikalia, akaegemeza kitako chake kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Kisha akakihamishia mbele ya tundu la sikio. "Wapi unasikia zaidi, mama?" Bi mkubwa akagusa nyuma ya sikio. Sikio la kwanza, la pili, vilevile. Masikio mazima husikia zaidi kwa njia ya hewa. Yake yalisikia kwa njia ya mfupa, na ndiyo maana sauti yake mwenyewe, inayopita kwenye mifupa ya kichwa, aliiona kubwa, akaipunguza. Karakanani kelele zetu zilimfikia kidogo tu, ilhali sisi, kwa ajili ya kelele hizohizo, tulikuwa tukizungumza naye kwa kupaaza sauti. Nilipoelezwa hivyo nilitamani kulirudisha lile neno langu.

Sauti ikiingia sikioni hugonga kiwambo, ile ngozi nyembamba ya ndani, kiwambo hutikisa kimfupa kiitwacho nyundo, nyundo hutikisa fuawe, fuawe hutikisa kikuku, na kikuku husukuma maji ya sikio la ndani kupitia kidirisha cha duaradufu. Kiwambo kina eneo la milimita za mraba kama 55 zinazofanya kazi, wayo wa kikuku, sehemu yake inayokaa kidirishani, una 3 na kidogo. Nguvu iliyoenea kwenye ngozi pana hukusanywa mahali padogo mara 17. Hilo sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Ukigonga bamba la fedha kwa uso mpana wa nyundo, hubonyea kidogo tu. Ukigonga kwa nguvu ileile juu ya msumari wa kutilia nakshi, ncha inazama.

Kikuku hicho kina urefu wa milimita kama 3 na uzito wa miligramu kama 3. Mizani yangu haiwezi kukisoma. Hata vikuku vya masikio ya mtu mzima, vyote viwili pamoja, havifiki gramu 0.01. Na mtoto huzaliwa navyo vikiwa vya ukubwa huohuo, havikui tena. Ndio mfupa mdogo kuliko yote mwilini.

Daktari aliuita stapes. Nikamwuliza maana yake, akasema ni kikuku cha kupandia farasi, ile pete ya chuma inayoning'inia kwenye tandiko, mpanda farasi akatia mguu. Akaniandikia neno kwenye karatasi. Nimekaa nalo miezi kadhaa, nikisoma usiku.

Nilidhani stapes ni Kilatini cha kale. Kumbe Warumi wa kale hawakuwa na neno la kikuku cha farasi, kwa sababu hawakuwa na kikuku chenyewe. Walipanda farasi miguu ikining'inia. Vikuku vya jozi vilikuwa vikitumika China katika karne ya 4, na Ulaya vilifika baadaye sana, pamoja na wapanda farasi wa Avari waliotoka nyika za mashariki. Chombo kilipofika, wenyeji wakahitaji jina. Waitalia wakasema staffa, neno lenye asili ya Kijerumani, la ukoo mmoja na maneno ya kukanyaga na kupiga hatua. Waliotaka kuandika kwa Kilatini wakatumia stapes, ambalo ndani yake unasikia stare, kusimama, na pes, mguu. Basi ni Kilatini kilichoundwa baada ya Roma kuanguka, kwa ajili ya kitu cha wageni.

Aliyelipeleka jina hilo sikioni ni Giovanni Filippo Ingrassia, mtu wa Sicily, aliyekuwa akifundisha utabibu huko Naples. Vesalius, bingwa wa elimu ya mwili wa binadamu, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1543, alieleza mifupa miwili tu, akaifananisha na nyundo na fuawe. Mwaka 1546 Ingrassia aliona wa tatu. Hakuwahi kuuchapisha mwenyewe: alifariki mwaka 1580, na kitabu chake kikatoka Palermo mwaka 1603. Kabla kitabu hicho hakijatoka, mtaalamu mwenzake Eustachi alikuwa amesema yeye pia ameuona bila kuelekezwa na mtu, na mwingine, Colombo, alikuwa ameshauandika tangu 1559. Aliyenigusa moyo ni mwenzao, Falloppio. Mwaka 1561 alikuwa na nafasi ya kunyamaza naye ajipatie sifa, lakini akaandika wazi kwamba mfupa huu ni wa Ingrassia. Kwenye ufundi tunawajua watu wa namna hiyo, na si wengi.

Binamu yangu aliyeko Muscat nilipompigia simu akaniambia huko unaitwa rikab. Nasi tunalo, rikabu, kwenye Kiswahili cha wazee, kutoka Kiarabu hichohicho. Mzizi wake ni kupanda, na ndio uliotupa marikebu. Nimelipenda, lakini kikuku nalipenda zaidi. Nasikia watu wakisema Kiswahili hakina maneno ya sayansi, na kwamba kikuku ni la akina mama na mapambo yao. Hao waliounda stapes walifanya nini kingine? Walitazama kitu cha kila siku, wakakipa mfupa jina lake. Sisi tulifanya vivyo hivyo hata kabla ya sikio: tulipoona kile chuma cha farasi tuliona pete ya mguuni, tukakiita kikuku.

Na hapa ndipo niliposimamisha kazi siku nzima. Mtoto akiwa bado ni kiinitete tumboni, mfupa huu hauanzi ukiwa na umbo la kile chuma cha tandiko, chenye mikono miwili na wayo. Huanza kama pete, na katikati ya pete unapita mshipa wa damu, kama mguu uliovishwa. Baadaye mshipa hunywea na kutoweka, pete hujinyoosha na kupata wayo, tundu likabaki wazi. Ingrassia aliuona ulipokwisha kuwa wa farasi. Mwanzo wake ni kikuku kama ninavyovitengeneza mimi, na ndani yake palikuwa na kitu kilichovaa.

Cha mama kilikuwa kimeganda. Mfupa mpya ulikuwa umeota pembeni mwa kidirisha ukakishika wayo, kama kutu inavyoshika bawaba. Maradhi haya huwapata wanawake zaidi ya wanaume. Tiba yake ya kisasa ilianza mwaka 1956 huko Memphis, Marekani, daktari John Shea alipokitoa kikuku cha mgonjwa na kuweka kingine cha plastiki ya Teflon. Siku hizi mara nyingi hutobolewa tundu dogo kwenye wayo, kikatiwa kijiti chenye kulabu. Daktari alinionyesha kimoja kikiwa ndani ya kifuko chake: unene wa milimita 0.6, na kulabu ya kukaza kwenye mkono wa fuawe. Kulabu hiyo ni ya hereni. Nimekunja maelfu ya namna hiyo, lakini sijawahi kukunja ndogo kiasi kile, na mkono wangu hautetemeki.

Mama alifanyiwa sikio la kulia, Dar es Salaam, na kizunguzungu kilimkaa siku chache. Bado anakuja karakanani, ila hakai ndani tena. Husimama mlangoni, akashika ukingo wa kanga sikioni, akaniambia, "Mwanangu, weka nyundo chini utoke, tukazungumze barazani."