Apple wainunue Netflix? Mi naona waiache tu

Mama alinipigia jioni moja, sauti ya mtu aliyeibiwa. "We mwanangu, hii TV imegoma, njoo uiangalie." Nikaenda. Kumbe TV ni nzima kabisa, ila ile huduma ya video anayoangaliaga imenunuliwa na kampuni kubwa zaidi (jina silitaji), apu ya zamani ikafungwa, na hiyo apu mpya haiitaki TV yake kwa sababu ni ya miaka nane iliyopita. Skrini nyeusi, mistari miwili ya maandishi meupe kwamba kifaa hiki hakitumiki tena, chini kitufe kimoja tu cha Sawa. Ukibonyeza Sawa kinarudi kile kile. Tena mama wa watu alikuwa amebakiza sehemu tatu tamthilia yake iishe.

Sasa nimetoka pale na hasira zangu, nafungua simu nakuta ule mjadala usioishaga umeibuka tena, eti Apple wana hela mpaka zinamwagika kwa nini wasiinunue Netflix. Na watu wanavyoandika utadhani ni kwenda kununua chaja.

Hela kweli ipo, hilo sibishi. Mei 2024 Apple walitangaza watatumia hadi dola bilioni 110 kununua hisa zao wenyewe, yaani mtu ana hela nyingi mpaka anajinunua mwenyewe. Ila ujue kitu kikubwa kuliko vyote hawa jamaa walichowahi kununua ni Beats, wale wa hedfoni, mwaka 2014 kwa dola bilioni 3. Netflix mwaka 2025 thamani yake sokoni ilipita bilioni 400. Mtu ambaye maisha yake yote ameruka mfereji, leo mnamwambia aruke ziwa.

Lakini mi bei sio kinachonisumbua, hela ni yao. Kinachonisumbua ni kwamba Netflix inauza kitu kimoja, kuangalia, na ili iuze hicho kitu inabidi iwepo kila mahali, kwenye TV ya bei chee, simu ya Android, kompyuta, vile vidude vya kuchomeka nyuma ya TV, popote penye skrini. Apple wao wanauza simu. Hata waseme nini kuhusu filamu, mwisho wa siku wanauza simu, na kila wanachokifanya kinamvuta mtu anunue simu na asihame. Sa ukimpa mwenye duka la simu huduma ambayo uzuri wake wote ni kutojali una simu gani, unategemea itaendelea kutojali?

Na sio kwamba nawawazia mabaya. Angalia huduma yao wenyewe ya filamu, Apple TV+, walianza Novemba 2019, kwenye baadhi ya TV za wengine waliiweka mapema tu, ila apu ya simu za Android imekuja Februari 2025. Miaka mitano na zaidi! Sio kwamba walishindwa kuitengeneza, Apple Music waliipeleka Android tangu 2015, hawakuona haraka tu. Hakuna aliyekatazwa, mlango haukufungwa, ila ufunguo uliwekwa juu ya kabati, na kama we sio mrefu basi subiri.

Halafu Netflix wenyewe walikuwa wanamkimbia Apple. Ile asilimia 30 anayokata ukilipia kitu ndani ya apu (kwa malipo ya kila mwezi inashuka hadi 15 baada ya mwaka wa kwanza), Netflix waliichoka mpaka mwisho wa 2018 wakaacha kabisa kupokea wateja wapya kwa njia hiyo, wakasema nenda kwenye tovuti yetu ukajiunge huko. Ndo hao mnataka wahamie ndani kabisa wakalale chumba kimoja.

Watu wakibanwa hapa wanakimbilia YouTube, "mbona Google walinunua na imefanikiwa?" Sawa, tuiangalie. Oktoba 2006, dola bilioni 1.65, kwa hisa. YouTube ilikuwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa tu tangu ianzishwe, wafanyakazi kama 70 hivi, watazamaji kibao, na matatizo mawili yanayoua. La kwanza, kurusha video kwa watu wengi vile kunakula hela za seva na intaneti, na yenyewe haikuwa na biashara ya maana. La pili, imejaa video za watu wengine zilizopandishwa bila ruhusa. Miezi michache baadaye, Machi 2007, Viacom, kampuni ya filamu na vipindi vya TV, wakaishitaki wakitaka zaidi ya dola bilioni 1, na ile kesi haikuisha mpaka 2014. Sasa Google alikuwa na nini? Seva kila kona, matangazo, mawakili, na wahandisi waliotengeneza ule mfumo wa kutambua video ya nani ni ya nani. Yaani mgonjwa alikuwa na homa na mnunuzi alikuwa na dawa ya homa hiyo hiyo. Bila Google sidhani kama YouTube ingefika 2010.

Netflix inaumwa nini? Mwisho wa 2024 ilikuwa imepita wateja milioni 300, inapata faida, ina mtandao wake wa mashine za kurushia video zilizowekwa huko huko kwa watoa intaneti ili picha isigandegande. Mwaka 2022 ilitetereka ikapoteza wateja, ikaleta kifurushi cha matangazo na kuwabana wanaoazimana paswedi (tulilia sana hapo, tukalipa), ikasimama. Apple anamletea nini, hela? Anazo. Umaarufu? Nao anao.

Na hizi ndoa za mtu wa mitambo na mtu wa filamu zina historia mbaya jamani. AOL (wa intaneti) na Time Warner (wa filamu na TV) walitangaza kuungana Januari 2000, mwaka 2002 wakaandika hasara ya karibu dola bilioni 99, 2009 wakaachana. Ungedhani somo limeeleweka, AT&T wa mitandao ya simu akaja 2018 akainunua Time Warner ile ile kwa bilioni 85, 2022 kaitema. Amazon na MGM, studio ya filamu ya zamani, bilioni 8.45, hiyo bado ipo, ila pale alinunua stoo ya filamu za zamani, sio kampuni yenye mwendo wake.

Kuna jingine linasemwa kidogo sana. Kampuni inayouza simu dunia nzima ina watu wengi wa kutowaudhi. Jon Stewart, mchekeshaji na mtangazaji wa Marekani, alikuwa na kipindi chake Apple, kikaisha 2023 huku vyombo vya habari vikiripoti kutoelewana kuhusu mada kama China na akili bandia. Aprili 2024 akasema hadharani kwamba alitaka kumhoji Lina Khan, aliyekuwa anaongoza tume ya Marekani inayosimamia mambo ya ushindani, na Apple wakamwomba asifanye. Huyo ni mtangazaji mmoja, kipindi kimoja. Zidisha kwa maktaba nzima ya Netflix.

Rafiki yangu mmoja anasema ninazidisha, tungepata kila kitu kwenye bili moja na ingekuwa nafuu. Nafuu mwaka wa kwanza, bana. Kama wanataka sana kununua, watafute huduma ndogo yenye filamu nzuri inayozama kwa kukosa mtaji, hapo nitapiga makofi mwenyewe.

Mama nimemnunulia kile kidude cha kuchomeka, apu mpya inafunguka vizuri. Ila orodha yake ya vitu vya kuangalia imepotea yote, na ile tamthilia nimemtafutia nikaipata, inataka kuanzia sehemu ya kwanza kama vile hajawahi kuiona, mama akaninyang'anya rimoti akaanza kubonyeza mbele, mbele, mbele, anatafuta alipoishia.