Kidole kilichogoma msimu wa sare

Desemba ile, kama kawaida ya mafundi wa Morogoro, nilikuwa nazama kwenye sare za shule. Kaki juu ya kaki, mkasi hauondoki mkononi. Kidole cha pete cha mkono wa kulia kikaanza visa. Naamka nakikuta kimejikunja, hakinyooki mpaka nikivute kwa mkono wa kushoto, halafu kinaachia ghafla: tap! Maumivu yenyewe yalikuwa chini, pale kidole kinapoanzia kiganjani. Mama mkwe akasema ni baridi yabisi.

Hospitali, baada ya kupimwa sukari (tatizo hili la kidole kukwama huwaandama sana wenye kisukari, mimi sikuwa nacho), daktari akanipeleka kwa kijana wa mazoezi tiba. Akabonyeza kiganja changu. "Kunja, mama. Sasa nyoosha taratibu." Nikahisi kijivimbe kikiteleza chini ya kidole chake. Akanieleza kwamba kano inayokunja kidole hupita ndani ya ala, yaani kifuko chembamba kama mrija, na mlangoni mwa ala pana utepe unaoishikilia karibu na mfupa. Utepe ukinenepa na kano ikivimba, inakwama kama uzi wenye fundo kwenye tundu la sindano.

Mimi nilitegemea kukandwa hasa, nitoke jasho. Wapi! Nikapewa banzi dogo la plastiki la kulalia, linalozuia kifundo cha chini tu kisikunjike. Asubuhi nitie mkono kwenye maji ya vuguvugu, kisha mazoezi: vidole wima, vikunje vifundo vya juu peke yake, mkono uwe kulabu, rudi wima, ngumi laini, rudi tena wima. Kikiruka, nimezidisha. Nilipouliza kuhusu mpira wa kuminya, akacheka. "Huo ndio utakaokiudhi, mama. Kesho njoo na mkasi wako."

Nikaenda nao. Akaushika, akaukagua mshikio, akaonyesha palipokuwa pakikandamiza kiganja. Akapazungushia vipande vya sponji na plasta, akaniambia kaki nzito akate mwingine.

Daktari alikuwa ameshanidokeza kuwa tiba hiyo ikishindikana ipo sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, na baada yake upasuaji mdogo wa kuufungua ule utepe. Hatukufika huko. Kidole kilianza kwa kupunguza mlio, kisha asubuhi moja kikanyooka chenyewe. Kijana wangu wa kazi ndiye aliyebaki na ukataji wa kaki, na kufikia Pasaka alishaanza kudai aongezewe posho.