Kidani kwanza, shingo ya gauni baadaye

Siku hizi nikienda kwa fundi cherehani nabeba vitu viwili: kitambaa na kidani nitakachovalia. Fundi wangu wa hapa Arusha, jirani na Soko Kuu, ameshazoea. "Dada, vaa kwanza tuone," ananiambia, kisha anashika chaki. Anaanzia kwenye kidani kushuka chini, na shingo ya gauni inachorwa pale tunapokubaliana kwamba ngozi iliyobaki katikati inatosha.

Nazungumzia vidani vya kubana shingo, choka kama wanavyoviita madukani. Kwa kawaida urefu wake ni kati ya sentimita 35 na 40. Mkufu ukifika 45 unakuwa umeshateremka chini ya mitulinga, na huo hauna shida, unavumiliana na karibu kila nguo. Kidani cha shingoni hakivumilii hivyo, kwa sababu kinakaa palepale nguo inapoanzia. Pindo la nguo likikigusa nusu na kukiacha nusu, vyote viwili vinaharibika: kidani kinaonekana kimenasa, gauni linaonekana limepanda. Kwa hiyo ama ngozi ionekane wazi kati yao, ama kidani kikae chote juu ya kitambaa. Katikati ya hayo mawili sijaona kinachopendeza.

Haya niliyafanyia kazi kwa dhati mdogo wangu alipokuwa anaagwa kwao Moshi. Wanawake wa ukoo tulikubaliana sare ya kitenge kimoja, maua makubwa ya bluu kwenye rangi ya maziwa. Na kwa kuwa bibi harusi anaipenda sana kazi ya shanga ya akina mama wa Kimaasai, tukaamua vidani navyo vifanane. Mimi ndiye ninayeishi Arusha, basi vidani vikawa juu yangu, na mishono pia. Kwenye kikundi cha WhatsApp picha zikamiminika. Shangazi anataka kola ya kusimama. Mama mkubwa anataka shingo ya duara, ya juu, kama ya gauni lake la kanisani. Wadogo zangu wanataka mabega wazi. Binamu mmoja anataka ile ya kufungwa nyuma ya shingo. Kidani ni kilekile kwa wote.

Niliamua kwamba kitenge na kidani havibadiliki. Kitakachobadilika ni shingo ya kila gauni. Hii ndiyo neema ya kushonesha: anayenunua nguo iliyokwisha shonwa anatafuta mkufu wa kuifuata, lakini sisi tunaokwenda kwa fundi tunaweza kuiambia nguo ifuate mkufu. Nashangaa tunavyoitumia nafasi hiyo mara chache.

Pale Soko la Wamasai nilimkuta mama mmoja anatunga shanga huku anaongea na wenzake. "Shikamoo, yeyo." "Marahaba. Unataka vingapi?" Nilipomtajia, swali lake la pili lilikuwa la maana kuliko bei: "Shingo zao umepima?" Nikarudi nyumbani nikawaomba wote wajipime. Futi ya fundi inazunguka pale shingo inapoanzia, juu kidogo ya mitulinga, na vidole viwili viweze kupita ndani yake. Yangu ilitoka 35. Ya shangazi ilitoka 40. Kama ningenunua vilivyotundikwa tayari, vyote vya kipimo kimoja, shangazi asingeweza kumeza hata soda. Tukaagiza kila kimoja kwa kipimo chake, na nyuma kiwekwe kipande cha mnyororo cha kuongezea, maana mtu akishakula ukumbini shingo nayo inataka nafasi.

Upana tulibishania zaidi. Nilipenda mistari mingi ya shanga, kwa sababu shanga ndogo za kioo zikipangwa kwa wingi zina uzuri usio na mfano. Lakini kidani kipana kinahitaji shingo ndefu. Kwenye shingo fupi kinajaza nafasi yote kutoka kidevuni hadi begani. Tukakaa kwenye mistari mitatu tu, nyeupe, bluu, nyeupe. Kwa Wamaasai nyeupe ni rangi ya maziwa na bluu ni ya mbingu, na zote mbili zilikuwamo kwenye kitenge chetu. Kitambaa chenye maua makubwa kinapendeza na kidani cha rangi chache zilizotoka ndani yake. Ukiongeza rangi ya tano na ya sita shingoni, mtu anayekutazama hatajua aangalie wapi.

Kisha nikampigia shangazi.

"Shangazi, ile kola ya kusimama itakimeza kidani."

"Sasa mwanangu, mimi na umri huu nitembee kifua wazi?"

Swali lake lilikuwa la haki kabisa, na jibu lake fundi alikuwa nalo. Shingo ya V inayoteremka vidole vinne tu chini ya kishimo cha koo haionyeshi kifua. Inachoonyesha ni pembetatu ndogo ya ngozi, na hiyo inatosha. Macho yanashuka na ncha ya V, shingo fupi inaonekana imerefuka. Kidani chake tulikilegeza kwa ule mnyororo wa nyuma kikalala kwenye shina la shingo, si katikati yake. Kwa maoni yangu V na kidani cha kubana ndio ndoa nzuri kuliko zote, na ni ndoa inayomfaa mtu wa rika lolote. Ukitaka kuongeza mkufu wa pili mwembamba chini yake, ufuate umbo la V na uishie kabla ya ncha.

Mama mkubwa naye hakutaka kushuka chini hata kidogo. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sasa nalitumia kila mara: duara linaweza kupanuliwa bila kuteremshwa. Fundi alilisogeza pindo kuelekea mabegani, upande huu na huu, na mbele akalishusha kiasi cha vidole viwili kupita kati ya kidani na kitambaa. Mitulinga ikaonekana, kifua kikabaki kimefunikwa. Mama mkubwa alijigeuza mbele ya kioo, akavuta pindo juu, likarudi lilipo, akaliacha.

Mabega wazi hayakuhitaji mjadala. Ngozi ni nyingi, kidani chochote kinakaa. Mimi mwenyewe nilichagua shingo ya mraba, kwa sababu mistari ya shanga imenyooka na pembe za mraba zimenyooka, vinaelewana. Binamu wa kufungwa nyuma ya shingo ndiye aliyebaki. Mshono ule unapandisha kitambaa hadi shingoni, kwa hiyo hakuna nafasi ya kitu kingine. Hapo ni hereni kubwa na basi. Lakini sare ni sare. Kidani chake kilikuwa na sentimita 36, tukakizungusha mara mbili kwenye kifundo cha mkono, kikatosha sawasawa.

Bibi harusi alivaa ule mviringo mpana wa shanga unaolala hadi mabegani. Kitu hicho ni shingo ya nguo kwa haki yake chenyewe. Gauni lake lilikuwa la rangi moja, halina mikono, na nilimwomba fundi aondoe nakshi zote za kifuani. Kuna waliomlalamikia kwamba gauni limekuwa tupu mno likiwa bado kwenye hanga. Ukumbini hakuna aliyeliita tupu. Picha za zamani za Alexandra, mke wa mfalme Edward VII wa Uingereza, zinaonyesha mpango huohuo: safu juu ya safu za lulu zimepanda shingoni, na gauni la jioni limeacha kifua cha juu na mabega wazi kabisa. Pambo likiwa kubwa, nguo inampisha.

Baada ya sherehe vidani vimebaki na sisi, na watu wanauliza vivaliwe na nini siku za kawaida. Fulana ya shingo ya juu iliyobana naikataa, labda kidani kiwe uzi mwembamba kabisa. Shati la ofisini linafaa sana: fungua vifungo viwili vya juu, kola itengeneze V yake, kidani kikae ndani ya V. Shingo ya boti inataka chembamba, kwa kuwa yenyewe ni mstari mmoja mrefu uliopita mitulingani. Dera lenye darizi shingoni liacheni lilivyo. Fundi wa darizi ameshafanya kazi yote. Na mwenye bahati ya kuwa na jiwe la tanzanaiti kutoka Mererani, alitundike kwenye kidani chembamba juu ya shingo ya V au mraba, nguo iwe ya rangi moja. Jiwe lile ni laini kuliko rubi na yakuti, kwa hiyo lisisuguane na zipu wala vifungo.

Hali ya hewa nayo ina neno. Kidani cha utepe wa mahameli navaa Arusha bila shida, lakini Moshi, kwenye joto la Januari, kinaloa jasho na kuwasha. Huko shanga au chuma ni bora. Baridi ya Juni na Julai hapa kwetu ndiyo msimu wa sweta za shingo ndefu, na juu ya sweta kidani cha shanga kinang'aa vizuri sana, mradi sweta iwe ya rangi moja na iliyofumwa laini. Kipimo tu kinabadilika. Pima shingo ukiwa umeshavaa sweta, utaona imeongezeka sentimita mbili au tatu. Shangazi ameshaniagiza cha pili kwa ajili hiyo, chekundu chote, na safari hii kipimo amekituma kabla sijamwomba.