Kabla ya kununua kuvu wa mizizi kwa ajili ya ufuta

Huku Ruangwa, mkoani Lindi, msimu wa kupanda ufuta ukikaribia, baadhi ya wakulima wenzangu huuliza kuhusu kuvu rafiki wa mizizi, ambao wataalamu huwaita maikoraiza, kwa kuwa wamesikia kwamba huko India wanatajwa pamoja na mbolea katika kilimo cha haradali.

Haradali ni wa ukoo mmoja na kabichi na sukumawiki, na mimea ya ukoo huo kwa kawaida haishirikiani na kuvu hao. Inachodai zaidi ni mbegu bora, naitrojeni na salfa ya kutosha. Anayeuziwa pakiti ya kuvu kwa shamba la haradali, basi, ana haki ya kumhoji muuzaji. Ufuta ni habari nyingine. Mizizi yake huwapokea kuvu hao, ikawapa sukari, nao hutandaza nyuzi zao mbali kuliko mizizi inavyofika na kuleta fosforasi, kirutubisho ambacho husogea kidogo mno udongoni.

Kwetu jambo hilo lina uzito, hasa kwa anayepanda ufuta jirani na mikorosho. Salfa ya unga tunayopulizia dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa unga mweupe unaofunika majani na maua ya mikorosho, huangukia ardhini, na kadiri miaka inavyopita huongeza tindikali; udongo ukishakuwa na tindikali kali, fosforasi hunaswa na madini ya chuma na alumini, mmea ukaikosa hata kama ipo. (Salfa hiyohiyo ni lishe kwa haradali, lakini kilichozidi kimezidi.)

Hata hivyo, sioni sababu ya kukimbilia kununua kuvu, kwa kuwa mashamba mengi tayari yanao, ila tunawavuruga kwa kulima kwa kina mara kwa mara, au kwa kumwaga mbolea ya fosfeti nyingi kiasi kwamba mmea hauwahitaji tena. Kuzungusha ufuta na mbaazi, karanga au mahindi huwapa makazi msimu hadi msimu.

Fedha ikiwa kidogo, ningeiweka kwanza kwenye mbegu, kama Lindi 2002, Ziada 94 au Mtwara 2009, badala ya mbegu mchanganyiko ya ghalani. Kisha ningepima tindikali, na mahali ilipozidi ningeweka chokaa ya kilimo kabla ya kununua mfuko wowote wa fosfeti.