Ndevu za Wajumbe wa Daudi

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Wiki hii tufungue Samweli wa Pili, sura ya 10. Nahashi, mfalme wa Waamoni, amefariki, na mwanawe Hanuni amekalia kiti. Daudi anakumbuka wema wa marehemu, anatuma watu wapeleke rambirambi. Wakuu wa Hanuni wanamwambia: wewe unaamini hawa wamekuja kukufariji? Ni wapelelezi, wanaukagua mji wapate kuuangamiza. Hanuni akasadiki. Akawanyoa wajumbe ndevu nusu, akawakata mavazi hadi matakoni, akawafukuza. Kisha Waamoni, walipoona wamemchukiza Daudi, wakakodi Washami 20,000 wa miguu. Vita ambavyo Daudi hakuwa navyo mezani vikaja.

Wale wakuu ungewauliza, wangesema wanailinda nchi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, si ndivyo? Sawa, lakini ufa huonekana. Wao walichoona ni wageni wenye ndevu.

Je, taifa laweza kumpiga jirani kabla hajapiga, likaita huko ni kujilinda? Kanisa halimwambii mtu akunje mikono angoje kuchinjwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2309, inakubali kujilinda kwa silaha, ila kwa masharti makali, na la kwanza ni kwamba madhara ya mchokozi yawe ya kudumu, makubwa na ya hakika. Ya hakika! Neno hilo ndilo hutangulia kutupwa watu wakishikwa na hofu.

Kesi ngumu zipo, sikatai. Asubuhi ya Juni 5, 1967, ndege za Israeli zilishambulia viwanja vya ndege vya kijeshi vya Misri. Lakini Misri ilikuwa imekwisha kuwaondoa askari wa Umoja wa Mataifa, imejaza majeshi Sinai, na imetangaza kuufunga mlango wa bahari wa Tiran, njia ya meli za kwenda Israeli. Watu waadilifu wanabishana juu ya asubuhi ile mpaka leo, nami sitawaamua.

Iraki ya 2003, hata hivyo, naona ni Hanuni mtupu. Februari 5, Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alikaa mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa na picha na sauti zilizonaswa, akasema Saddam, mtawala wa Iraki, anaficha silaha za maangamizi. Wakaguzi wa silaha wa Umoja wa Mataifa, chini ya Hans Blix, walikuwa bado wako kazini, wakiomba miezi zaidi. Papa Yohane Paulo II alimtuma Kardinali Pio Laghi kwa Rais Bush wa Marekani kumsihi asianze vita. Walionana Machi 5, Jumatano ya Majivu. Majivu yenyewe hayajafutika vizuri kwenye paji la uso, Machi 20 mabomu yakaanza kuanguka Baghdad.

Silaha zile hazikupatikana. Powell mwenyewe alikuja kukiri kwamba hotuba ile ni doa katika maisha yake. Na wale ndugu zetu Wakaldayo, Wakatoliki wa Iraki, wanaosali kwa lugha iliyo jamaa ya ile aliyosema Yesu, wengi wamekwisha kuihama nchi ya babu zao.

Nisiwaseme wakubwa tu. Mimi nimewahi kumkaripia mtu ambaye hajanikosea, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa atanikosea. Alibaki ananitazama, hajui alichofanya. Mambo ya Hanuni hayo, pasipo jeshi.

Ukimaliza sura ya 10 usifunge Biblia. Vita havijaisha. Katika sura ya 11 Yoabu, jemadari wa Daudi, ameuzingira Raba, mji wa Waamoni, na Daudi amebaki Yerusalemu, jioni anatembea juu ya dari ya jumba lake. Kisa cha Bath-sheba, mke wa mtu ambaye Daudi alimtwaa, tunakijua. Mumewe, Uria Mhiti, alirudishwa vitani na Daudi akiwa amebeba mkononi barua ya kifo chake, akafia karibu na ukuta wa mji uleule ambao wakuu wa Hanuni walisema wanaulinda.