Nilivyorudi kwenye mazoezi baada ya mshtuko wa moyo

Nilipotoka hospitali, swali lililonichosha kuliko yote lilikuwa: "Si wewe ndiye wa kukimbia kila asubuhi? Imekuwaje?" Imekuwa hivi: mbio hazifuti urithi wa ukoo wala hazimalizi kolesteroli yote. Mshipa wa moyo uliziba, nikawekewa stenti, kijibomba kidogo cha kuushikilia uwe wazi.

Ila daktari alipopitia majibu ya ekokadiografia, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, alinipa habari nyingine. Kila pigo, moyo wangu ulikuwa unasukuma asilimia 48 ya damu iliyo ndani ya chemba kuu. Kawaida ni kuanzia 55 hivi. Alitarajia pabaya zaidi. Akanieleza kwamba panya wa maabara waliofanyishwa mazoezi kabla ya mshipa wao kuzibwa, sehemu ya misuli ya moyo inayokufa huwa ndogo. Kwa binadamu pia, waliozoea mazoezi hufa kwa uchache zaidi katika shambulio la kwanza. Kwamba mbio ndizo zilizoniokoa mimi, hilo hakuthubutu kulisema, nami sikumlazimisha.

Shida ikawa miguu. Yenyewe ilikuwa tayari kukimbia, wakati kovu la moyo huhitaji kama wiki 6 hadi 8 kukomaa. Saa ya kupimia mapigo haikunifaa tena, kwa sababu bisoprolol, dawa ya moyo niliyopewa, hushusha mapigo hata ukiwa unahema. Mtaalamu wa fiziotherapia akanifundisha kujipima ugumu kwa alama za Borg, zinazoanzia 6 (bila juhudi yoyote) hadi 20 (juhudi ya mwisho kabisa), nisivuke 13. Kipimo changu halisi kikawa mdomo: nikishindwa kumaliza sentensi bila kukata pumzi, napunguza mwendo. Nilikuwa naongea peke yangu njiani, watu wakinitazama, potelea mbali.

Nilianza kwa kutembea tambarare, nikipasha mwili taratibu na kupunguza mwendo kidogo kidogo kabla ya kusimama, maana ukisimama ghafla shinikizo la damu linaweza kushuka ukaona kizunguzungu. Vilima vilikuja baadaye sana.

Hofu ndiyo iliyochelewa kuondoka. Kila kichomo kifuani nilidhani ndiyo hiyo tena. Kilichonisaidia ni kufanya mazoezi kwanza chini ya uangalizi, nyaya za ECG, kipimo cha umeme wa moyo, zikiwa kifuani, nikaona kwa macho yangu moyo ukiongeza kasi na kurudi bila vurugu.

Sasa nakimbia polepole, nikichanganya na kutembea, dawa ya kuweka chini ya ulimi ikiwa mfukoni. Mashindano bado, nasubiri kwanza kipimo cha mkanda wa kukimbilia.